Friji Mbili, Jina Moja

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinda moto ili vitu vibaki baridi. Nilipowaambia hivyo vijana wa ofisini walicheka, wakadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Friji za chanjo za enzi zile zilitumia mafuta ya taa. Chini kulikuwa na tangi, utambi na mwali; juu kulikuwa na baridi. Namna moto unavyozaa baridi nilifundishwa, nikafaulu mtihani wake, na mpaka leo sijaacha kushangaa.

Asubuhi niliyoripoti, Sumbawanga ilikuwa imezama kwenye ukungu. Kutoka Katandala hadi stoo ya chanjo nilitembea nikisikia baiskeli bila kuziona, na sauti za watu wakisalimiana kana kwamba mji mzima umeamka ila umesahau kuvaa mwili. Fundi niliyekabidhiwa kwake aliitwa Gaspari, mtu mfupi mwenye koti refu na maneno machache.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Lala chini.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimevaa sketi mpya niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo.

“Lala chini, binti. Mwali hauonekani kwa mtu aliyesimama.”

Nikalala kwenye saruji, shavu likaganda kwa baridi, nikachungulia chini ya friji. Kulikuwa na duara dogo la moto wa buluu, limetulia kama jicho linalofikiri jambo lake. Gaspari akachuchumaa pembeni yangu. “Ukiwa wa buluu, watoto wamelindwa. Ukiwa wa njano unatoa moshi, moshi unaziba bomba, na juu hakuna baridi tena. Umeona?”

“Nimeona.”

“Basi inuka. Kazi yenyewe ni hiyo.”

Haikuwa hiyo tu, maana alinikatisha tambi mpaka jua likazama. Lakini kila nilichojifunza baadaye kilikuja juu ya hilo: kuna kitu kidogo mahali fulani, chini, ambacho hakuna anayekiona, na kikiharibika mtoto wa mtu asiyekujua ndiye anayelipa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya barabara. Ninyi mnaoshika kazi sasa mna lami sehemu kubwa, kwa hiyo siwezi kuwaeleza sawasawa vumbi lile. Tulizunguka uwanda wa juu, kijiji hadi kijiji, nyasi zikilala kwa upepo mpaka unahisi gari limesimama na nchi ndiyo inayokwenda. Tulibeba tambi, mabomba, vipimajoto na galoni za mafuta. Tulikula ugali wa ulezi kwenye nyumba za watu ambao hatukuwajua asubuhi na tuliowaaga jioni kama ndugu. Gaspari hakupenda kuongea njiani. Alisema fundi anayeongea sana hasikii gari likilalamika.

Mara kadhaa kwa mwaka tulishuka ziwani. Mtu asiyewahi kushuka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Ziwa Tanganyika haelewi nikisema kwamba tulikuwa tunahama msimu ndani ya safari moja. Juu umevaa sweta mbili, mikono kwapani. Barabara inaanza kuinama, unavua moja, kisha nyingine, masikio yanaziba na kuzibuka, na ghafla chini ya mawingu unaona maji, mengi, yamelala kimya hadi kwenye milima ya Kongo. Mara ya kwanza nilipoyaona nilidhani ni anga limeanguka. Gaspari akasema, “Funga mdomo, vumbi litaingia.”

Mbele kidogo ya Wampembe, kwenye zahanati ndogo ya ufukweni, ndiko nilikomkuta Mwajuma. Alikuwa nesi mpya kama mimi nilivyokuwa fundi mpya, mtoto wa wavuvi, sauti yake imezoea kupigana na mawimbi. Mwaka huo friji yake ilizimika mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu huko joto halikupi nafasi ya kukosea. Alinikaribisha kwa samaki aina ya migebuka wa kukaanga na malalamiko, na kwa utaratibu huo huo tumekuwa marafiki mpaka tumeota mvi.

Gaspari alistaafu, kisha akatutoka, na mimi nikabaki na kazi yake. Mafuta ya taa yakaondoka, zikaja friji za sola. Nikawa napanda juu ya mapaa badala ya kulala chini, jambo ambalo nililiona kama kupandishwa cheo na ndicho cheo pekee nitakachokitaja. Halafu ukaja mradi wa vifaa vya kupima joto. Kifaa kidogo kama kiberiti kinakaa ndani ya friji, kinapima, kinatuma vipimo kwa mtandao wa simu. Friji ikianza kupata joto, simu ya nesi inalia na yangu inalia. Nilipelekwa kusoma tena, mtu mzima, nikikaa na vijana ambao vidole vyao vilikuwa na kasi kuliko mawazo yangu. Nilichoka, nikajifunza.

Mwalimu wangu mkubwa wa kipindi hicho alikuwa Joakim, kijana wa Kaengesa aliyesomea kompyuta na aliyekuja kuendesha mfumo wetu. Siku ya kwanza nilimuuliza vipimo vinakwenda wapi.

“Vinakwenda kwenye wingu, mama.”

Nikaangalia dirishani. Nje kulikuwa na ukungu wa mwezi wa sita umeegemea kioo. Ukimwambia mtu wa Ufipa kwamba vitu vyake viko kwenye wingu, lazima aangalie dirishani. Sisi tunaishi humo.

Joakim alicheka mpaka akakaa. Kisha akanieleza vizuri, kwa heshima, bila kunifanya mtoto. Wingu ni kompyuta kubwa zilizoko mbali, za watu wengine, na sisi tunakodisha nafasi. Nafasi yetu ilikuwa makundi mawili ya seva. Kundi la juu lilijengwa kwanza, kwa ajili ya zahanati za uwandani. Kundi la ziwani lilijengwa baadaye, na mradi mwingine, na watu wengine ambao hatukukutana nao. Kila kundi likipokea friji mpya linaitengenezea mahali pake kwenye wingu: sehemu ya kuweka vipimo, kengele yake, namba za simu za kupigia. Na kila kundi huipa jina. Friji-moja, friji-mbili, friji-tatu, kwa mpangilio wa kuingia.

Mnaona tayari. Sisi hatukuona, kwa sababu miaka ile kila kundi lilikuwa na ghala lake la vipimo na kengele, na majina hayakukutana kamwe. Kisha wakubwa wakaagiza friji zote zionekane kwenye skrini moja. Ni agizo la busara. Maghala mawili yakawa moja. Aliyetafuta friji-saba aliikuta friji-saba, ina baridi salama, akaridhika akaenda kunywa chai. Hakuna aliyejiuliza ni ipi. Kwa kweli zilikuwa mbili zikiandika mahali pamoja, ya uwandani na ya ziwani, kama wageni wawili waliopewa kitanda kimoja na kila mmoja analala mwenzake akiwa ametoka.

Msimu wa joto, kabla mvua hazijaanza, friji ya zahanati moja karibu na Kaengesa ilichakaa, tukaibadilisha. Joakim akafuata utaratibu kama unavyotakiwa: akaliambia kundi la juu lifute friji-saba na vyote vilivyo vyake. Kundi likafuta. Likafuta sehemu ya vipimo, likafuta kengele, likafuta namba za simu. Lilifanya kazi safi kabisa. Skrini ilibaki na rangi ya kijani kila mahali.

Skrini ina udhaifu mmoja ambao nataka muukumbuke kuliko yote. Inaonyesha kilicho kibaya. Haionyeshi kisichokuwepo.

Asubuhi moja simu yangu ililia. Alikuwa Mwajuma. Nilisikia upepo mwingi, nikajua amepanda kwenye jiwe lililo nyuma ya zahanati, mahali pekee penye mtandao wa uhakika.

“Dada Vero, friji yangu imekufa.”

“Imekufa lini?”

“Nijue lini? Nilikwenda msibani kwa shangazi, nimerudi jana jioni. Leo ni siku ya kliniki, nafungua nitoe chanjo, joto linanipiga usoni kama la tanuri la mkate. Vichupa vyote alama zake za joto zimegeuka nyeusi. Panya amekata waya wa sola. Lakini simu yenu haikulia, dada. Wala yangu, wala ya msaidizi wangu. Mliniambia italia.”

“Subiri kidogo.” Nilikuwa ofisini. Nikafungua skrini, nikatafuta zahanati yake. Nikatafuta tena. “Joakim, Mwajuma yuko wapi?”

“Si uko naye kwenye simu, mama?”

“Kwenye skrini. Hayupo.”

Joakim akaja na kiti chake chenye magurudumu. Akaandika, akatazama, akaandika tena. “Hayupo vipi?” akasema, akijiuliza mwenyewe.

Mwajuma aliendelea kwenye sikio langu, sasa kwa sauti ya chini. “Nina akina mama hapa. Wengine wamekuja kwa mitumbwi. Kijiji cha pili huko kuna mtoto mwenye vipele na homa, watu wanasema ni surua. Ndiyo maana wamejaa. Nikiwaambia warudi nyumbani, hawatakuja tena, na mimi sitawalaumu. Niwaambie nini?”

“Waambie nakuja na chanjo.”

“Leo?”

“Leo.”

Stoo tulipanga boksi kubwa la baridi, vichupa ndani ya barafu iliyoanza kulegea kama inavyotakiwa ili isigandishe chanjo. Dereva alikuwa Pius, mtu wa kusali rozari mlimani na kunyamaza kwenye tambarare. Nilimwacha Joakim mbele ya skrini, mikono kichwani. Uwanda ulikuwa mkavu, rangi ya simba, na moshi wa mashamba yaliyochomwa ulisimama mbali bila kusogea. Nilikaa na mkono juu ya boksi. Nilijiona kama mtu anayesafiri ndani ya ndoto ya mwingine: kila kitu kilikuwa polepole na kizuri, na ndani ya uzuri huo kulikuwa na mtoto mwenye homa.

Tulipokaribia mahali barabara inapoanza kushuka, simu ikalia.

“Mama, uko wapi?”

“Juu ya mteremko. Sema haraka, mtandao unakata.”

“Nimeipata. Ile friji ya Kaengesa tuliyoiondoa ilikuwa inaitwa friji-saba. Ya nesi Mwajuma nayo kwenye kundi la ziwani inaitwa friji-saba. Tulipofuta moja…”

“Tukafuta zote mbili.”

“Kwenye wingu, ndiyo. Vipimo vya ziwani vimekuwa vinafika siku zote hizi, vinakuta mlango haupo, vinapotea. Na si saba tu, mama. Makundi yote mawili yalianza kuhesabu kwenye moja. Moja iko mara mbili. Mbili iko mara mbili. Karibu kila friji ya ziwani ina mwenzake huku juu.”

Nilimwambia Pius asimamishe gari. Upepo ulilitikisa.

“Joakim, kuna nyingine zilizopangwa kufutwa?”

“Zipo. Zile za zamani za uwandani. Nilizipanga zijifute zenyewe leo jioni.”

Mbele yangu, chini kabisa, ziwa lilikuwa limetulia, na kando yake nilijua kuna zahanati moja baada ya nyingine, kila moja na nesi wake anayeamini simu yake.

“Zima ufutaji wote.”

“Nikiuzima kabla haujakamilisha hatua zake, kundi la juu litagoma. Litakataa badiliko lolote mpaka tulinyooshe kwa mkono. Itachukua wiki, na wakubwa wata…”

“Wakubwa niachie mimi. Zima.”

Nilisikia kitu kama “na—”, kisha kimya. Nikatazama simu. Mtandao ulikuwa umekata, na kurudi nyuma kuutafuta kulikuwa kupoteza muda ambao barafu haikuwa nao. Nilimwambia Pius twende. Akajipiga ishara ya msalaba, tukashuka.

Sijui kama mmewahi kufanya kazi ya mikono huku moyo uko kwingine. Nilivua sweta, nikavua ya pili, na kila kona nilijiuliza lile neno lililokatika lilikuwa “nazima” au “nakataa.” Kijana mwangalifu anaweza kukataa amri ya kuvunja mfumo alioujenga. Ningekuwa yeye, huenda ningekataa.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umefungwa kiunoni.

“Karibu, dada Vero. Leo nimekasirika.”

“Pole, Mwajuma. Una haki.”

“Haki yangu utanipa baadaye. Leta boksi.”

Akina mama walikuwa barazani na chini ya ukuta, wakifuata kivuli kilivyokuwa kinasogea. Mwenye mtumbwi mmoja alisimama majini mpaka magotini, akisema upepo utabadilika na yeye anaondoka. Baadhi walikuwa wameshakunja vitenge. Ndipo mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, anaitwa Tabu, akasema bila kuinuka, kana kwamba anaongea na mtoto aliyempakata:

“Nilimzika mmoja kwa surua. Huyu simrudishi nyumbani hivihivi. Anayetaka mtumbwi apande. Mimi nitarudi kwa miguu.”

Hakuna aliyepanda. Mwenye mtumbwi alitukana upepo, akavuta mtumbwi wake mchangani, akaja kukaa na wengine.

Tulifanya kazi. Mwajuma alichoma, msaidizi wake akaandika kadi, mimi nikafungua boksi na kulifunga haraka, nikimkabidhi kichupa kimojakimoja. Kabla ya Mwajuma kumgusa mtoto wake, Tabu alinitazama.

“Wewe ndiye wa hizo simu zinazolia?”

“Ndiye mimi.”

“Haikulia kwa nini?”

Ningeweza kusema ni hitilafu ya mfumo. Ndivyo barua zetu zinavyosemaga. Nikamwambia, “Friji ya hapa na friji ya juu huko tuliziita jina moja. Ya juu ilipoondolewa, mashine ikadhani na hii imeondolewa.”

Akafikiri. “Sasa si mngeongeza jina la baba?”

Mwajuma alicheka kwanza, hasira yake ikapasuka hapo hapo, kisha baraza lote. Mtoto wa Tabu akachomwa katikati ya kicheko, akalia peke yake dhidi ya watu wote.

Boksi lilipokuwa tupu, nilipanda kwenye lile jiwe. Magoti yangu yalinikumbusha umri. Nikainua simu, nikangoja. Chini yangu maji yalikuwa yanapumua taratibu, na nilikuwa na usingizi wa ajabu, ule wa mtu anayengoja hukumu. Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Joakim ulikuwa wa saa nyingi nyuma: “Nimezima, mama. Kundi la juu limegoma kama nilivyosema. Friji za ziwani zote zipo. Kasoro ya Mwajuma, naijenga upya sasa.” Nikakaa juu ya jiwe, sikushuka kwa muda.

Iliyofuata ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na hadithi, na ndiyo mnayoirithi. Wakubwa walinuna, nikawaeleza, wakaendelea kununa. Mimi na Joakim tulibadilisha majina yote, friji kwa friji. Sasa jina linaanza na kundi, linafuata mahali, halafu mkia wa herufi ambazo mashine inajichagulia yenyewe ili zisijirudie. Kila kitu kwenye wingu kina alama ya kundi lililokiumba, na kundi haliruhusiwi kufuta kitu kisicho na alama yake, hata kama jina linafanana herufi kwa herufi. Friji ikiondoka, jina lake haliitwi tena na friji nyingine. Sisi watu tunarithishana majina ya marehemu na ni jambo jema. Mashine zisirithishane. Na kabla hamjafuta chochote, muulizeni mwenye kundi la pili. Majina yanaonekana marefu na mabaya, najua. Tabu aliyaagiza.

Surua ilipita ufukweni msimu ule. Iligusa vijiji kadhaa, ikawalaza watoto. Kwa Mwajuma hawakulazwa wengi, na mtoto wa Tabu hakuugua. Siwezi kusema ni sisi. Ugonjwa una njia zake. Mwajuma anasema ni sisi, na yeye ndiye nesi.

Siku yangu ya mwisho ofisini mlinifanyia sherehe, keki ikaletwa, hotuba zikasomwa. Kabla yake, asubuhi, nilifika mapema nikakaa peke yangu mbele ya skrini. Ukungu ulikuwa umefunika mji. Nilifungua mstari wa joto la friji ya Mwajuma, ile yenye jina refu ambalo hakuna friji nyingine duniani inalo. Mstari ulikuwa umelala chini, baridi, sawasawa. Ilikuwa siku yake ya kliniki. Nilingoja nikiwa na kikombe cha chai mikononi. Kisha mstari ukainuka kidogo, kama kilima kidogo, ukashuka. Nesi amefungua mlango wa friji, ametoa kichupa, amefunga. Ukatulia. Ukainuka tena. Chai ikapoa mkononi nikiwa nahesabu vilima, kila kimoja ni mtoto analia, na mama yake anambembeleza, na upepo wa ziwa unaingia dirishani.